Sekunde Sitini za Maji ya Bromini

Kazi yangu ilikuwa ya dakika moja kwa siku. Watu wa Nyakatema walinitania kwa hilo, na ni kweli. Saa mbili asubuhi niliingia katika chumba kisicho na dirisha, nikafungua bomba dogo lililochomoza ukutani, nikajaza gesi katika chupa mbili za kioo. Chupa ya kwanza niliiziba kwa nta, nikaiandika tarehe na kuiweka kabatini. Hiyo iliitwa chupa ya akiba, na kwa utaratibu wa kiwanda ilikaa humo siku arobaini kabla ya kumwagwa. Chupa ya pili niliitia maji ya bromini kiasi cha kijiko, maji ya kahawia kama chai ya rangi, nikaitikisa mara tatu, nikaisimamisha mbele ya kigae cheupe na kuhesabu hadi sitini.

Rangi ikibaki hadi sitini, niliandika “imebaki” katika daftari na kuweka sahihi. Ikipotea kabla ya hapo, nilitakiwa kubonyeza kitufe chekundu kilichokuwa karibu na mlango, na majiko ya nyumba elfu moja na mia tisa yangezimika kwa mpigo mmoja. Kitufe hicho kilikuwa na vumbi.

Kiwanda kilikula takataka za babu zetu. Malori yalileta mifuko ya plastiki iliyofukuliwa kwenye madampo ya zamani, ikaoshwa, ikasagwa, ikatumbukizwa katika matangi yenye wakataji. Wakataji ni vijidudu vilivyoumbwa maabara kabla sijazaliwa, na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika kama vinafurahia kazi yao. Mfuko wa plastiki ni mkufu mrefu wa kaboni, maelfu kwa maelfu zimeshikana mikono. Wakataji huukata mkufu huo kila baada ya kaboni mbili, na kila jozi inayobaki peke yake hushikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Jozi hiyo kitabuni inaitwa etheni. Sisi tuliiita gesi changa.

Gesi changa inawaka, lakini moto wake ni wa njano na umejaa masizi. Kwa hiyo tuliipitisha pamoja na haidrojeni juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto. Hapo kaboni zile mbili huachiana mkono mmoja, kila moja ikadaka haidrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni ethani. Hiyo ndiyo gesi pevu. Inawaka kwa mwali wa bluu na sufuria inabaki kama ilivyotoka dukani. Mkataba kati ya kiwanda na Baraza la Gesi ulisema bomba litapeleka gesi pevu tu, na bromini ndiyo iliyokuwa shahidi. Gesi changa hunyang'anya bromini kwa ule mkono wake wa ziada, na rangi hutoweka. Gesi pevu imeshika vyote inavyohitaji, haina haja na bromini, isipokuwa jua likiipiga. Ndiyo maana chumba changu hakikuwa na dirisha.

Nikeli ilichoka mwezi wa tano. Dampo jipya tulilopewa lilikuwa na matairi yaliyochanganyika na mifuko, na mpira wa matairi una salfa, na salfa hujibandika juu ya nikeli hadi nikeli isiweze kugusa kitu kingine chochote. Tuliagiza nikeli mpya. Meli iliyoileta ilikwama bandari ya mbali kwa sababu ambazo kila wiki zilikuwa tofauti.

Siku ya kwanza rangi ilipotea nilipofika hamsini na nane. Nilisimama na chupa mkononi, nikaitazama. Sekunde mbili, nikajiambia, ni pumzi moja ya mtu mvivu. Siku iliyofuata nilikodoa macho kwenye chupa nilipofika hamsini na tano, rangi ilikuwepo, nikageuka kuandika. Wiki iliyofuata niligeuka kwenye hamsini. Kisha arobaini. Katikati ya mwezi wa saba nilikuwa nageuka kwenye ishirini.

Baada ya siku ile ya kwanza sikuandika uongo. Niliangalia mapema, basi. Nilikuwa na maneno hayo kichwani kila nilipoweka sahihi, na yalinitosha.

“Bi. Koku, imebaki?” aliuliza Injinia Shekiondo kila asubuhi akipita mlangoni na kikombe chake cha uji. Alikuwa meneja wa kiwanda, Msambaa mpole anayesalimia hata mlinzi kwa kirefu.

“Imebaki.”

Hakuwahi kuniuliza ilibaki hadi sekunde ya ngapi.

*

Jumapili nilikwenda Nyakatema kwa mama. Jina lake Kokwijuka, lakini kijiji kizima kinamwita Ma Koku kwa ajili yangu. Alikuwa amekaa nje na wanawake wawili, kila mmoja na sufuria na rundo la majivu, wakisugua.

“Tazama,” mama alisema, akanigeuzia kitako cha sufuria. Kilikuwa cheusi. “Tulipokuwa na kuni tulijua tunasugua nini. Sasa mwali wenu wa bluu umeanza kukohoa.”

“Safisheni vichomeo,” nikasema. “Uchafu ukiziba, moto unakuwa wa njano.”

“Tumevisafisha.”

“Visafisheni tena, Ma.”

Walinitazama wote watatu, wakarudi kwenye sufuria zao. Nilijua ninachofanya. Naandika hivi kwa sababu baadaye watu wachache walio wema walijaribu kunitetea wakisema huenda sikujua.

Sababu yangu ilikuwa shingo ya mama. Kabla ya bomba alibeba kuni kutoka msitu wa Kyamunene kwa miaka ishirini na mbili, na pingili moja ya shingo yake imezama ndani hata leo, unaweza kuweka kidole. Kitufe kikibonyezwa, kiwanda kingefungwa hadi wakaguzi waje kutoka makao makuu, na wakaguzi huja wanapotaka. Miezi minne, mitano. Msitu ambao ulikuwa umeanza kuota tena ungejaa mapanga. Nilipima vyote hivyo upande mmoja, na upande wa pili masizi ya sufuria, na sikuona ugumu.

Ta Kaijage alikuja akanikuta kwenye chai. Alikuwa jirani yetu wa mpaka kwa mpaka, mzee mgane wa miaka sitini na kitu, na ndiye aliyejua kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuliko mtu yeyote upande wetu wa ziwa. Walikuwa wakikanyaga ndizi pamoja na marehemu baba, miguu minne horini, wakibishana siasa hadi juisi itoke.

“Koku, wewe umesoma,” alianza, kama alivyoanza kila mara. “Nimetundika mkungu jikoni, wa matoke, mbichi kabisa. Siku mbili umeiva. Nikatundika mwingine. Siku mbili. Kwa nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu kazi yangu isipokuwa kunitania. Nilifurahi, na furaha hiyo ikanilegeza ulimi. Nikamweleza kwamba ndizi huivishwa na gesi, na gesi hiyo ndizi yenyewe huipumua ikianza kuiva, ikaziambukiza nyingine. Nikamweleza kwamba moshi nao una kiasi kidogo cha gesi hiyohiyo. Ndiyo maana wazee walichimba shimo, wakapanga mikungu, wakafunika kwa majani na udongo, wakaingiza moshi kwa tundu la pembeni na kusubiri siku sita. Walikuwa wanafanya kemia bila kujua jina lake.

“Inaitwaje hiyo gesi?”

“Etheni. Gesi changa.”

“Kwa hiyo bomba lenu lina gesi changa.”

“Hapana, Ta. Bomba lina gesi pevu. Haiivishi kitu.”

“Basi mikungu yangu inaivishwa na nini?”

Nilicheka. Nikamwambia ni joto la jiko. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mtoto aliyesoma, akamalizia chai yake.

*

Mlipuko ulitokea Jumatano, saa kumi alasiri. Niliusikia nikiwa kiwandani: kishindo kimoja kizito, kisha mbwa wa vijiji vitatu. Nilipofika Nyakatema mkungu mmoja ulikuwa juu ya paa la mama, ndizi zake za njano zimetawanyika kwenye mabati, na kibanja cha migomba cha Ta Kaijage kilikuwa na shimo pana mara mbili ya lililochimbwa. Yeye walikuwa wameshampeleka zahanati.

Bintiye, Asimwe, alinieleza. Wakwe walikuwa wameivuta karibu siku ya yeye kuagwa, maana bwana harusi alitakiwa kazini kwake mbali. Siku sita za kuvundika zikawa tatu. Ndipo baba yake akafungua kiungo cha bomba nyuma ya jiko, akaunganisha kipande cha mpira wa kumwagilia, akakiingiza shimoni. Gesi yetu huwa inatiwa harufu ya kitunguu kilichooza ili watu wakimbie ikivuja. Yeye aliivumilia siku mbili.

Nilimkuta amelala chali, mikono yote imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, nyusi hana. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa wa pili.

“Ta Kaijage, pole sana.”

“Asante, mwanangu. Usinitazame hivyo, miguu ninayo. Rubisi haikanyagwi kwa mikono.”

“Nieleze kitu kimoja. Asimwe anasema ndizi zilikuwa zimeshaiva.”

“Zimeiva kabisa. Nilifunua kona nikaona. Nikafunga kiungo, nikaondoa mpira.”

“Sasa moto ulikuwa wa nini?”

Alinishangaa kweli. “Ndizi za harusi ziende horini bila kuonja moshi? Wakwe wangekunywa nini, Koku, juisi ya dukani? Niliwasha majani makavu kidogo pale tunduni. Kidogo tu, ya heshima.”

Gesi hizi mbili uzito wake ni karibu sawa na wa hewa. Ukizifunika shimoni kwa majani na udongo hazina haraka ya kutoka. Alifunga bomba vizuri, akasubiri robo saa, akatanguliza heshima. Mimi nilikuwa nimemfundisha mambo yote isipokuwa hilo, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumfundisha kwamba bomba letu halina kitu.

“Kiungo nilifungua mimi,” aliendelea. “Wakiniuliza nitasema. Ila nataka unijibu, waitu, mwanangu. Gesi ile ilikuwa changa au haikuwa?”

Nilimwambia nitaangalia.

Aligeuza uso ukutani. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, na vyote viwili vilinifanya niondoke mapema kuliko ilivyo adabu.

*

Sheria ya Bomba ni fupi. Mwenye kufungua kiungo kwa mkono wake hung'olewa bomba, na kibanja chake hukaa mikononi mwa Baraza la Gesi miaka kumi. Wakati sheria hiyo inapitishwa watu waliipigia makofi, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni ya jirani yake.

Kibanja kwetu si shamba tu la migomba. Mke wa Ta Kaijage amezikwa pale, nyuma ya nyumba, na wazazi wake, na mtoto wao wa kwanza aliyeishi siku nane. Miaka kumi kwa mtu wa umri wake maana yake ni kwamba yeye mwenyewe angezikwa kwingine. Bwana harusi naye alitangulia kazini, na harusi ikawekwa pembeni hadi shauri lijulikane, kwa sababu hakuna anayeagwa kwenye kibanja kisicho cha baba yake.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Mkataba ulisema bomba likipeleka gesi isiyokuwa pevu, adhabu zote za Sheria ya Bomba zinafutika kwa makosa ya siku hizo, hadi itakapopelekwa pevu tena. Lakini wiki mbili baada ya mlipuko meli ilifika, nikeli mpya ikawekwa, na bromini yangu ikaanza tena kubaki hadi sitini, hadi mia, hadi nikachoka kuitazama. Sufuria za Nyakatema ziling'aa. Kikao cha Baraza kilipangiwa siku ya thelathini na tisa tangu mlipuko.

Siku ya thelathini na nane Injinia Shekiondo aliingia chumbani kwangu bila kikombe. Alifunga mlango, akasimama mbele ya kabati.

“Chupa ya Jumatano ile bado ipo?”

“Ipo.”

“Inamwagwa lini?”

“Keshokutwa.”

Alitikisa kichwa polepole. “Keshokutwa. Na kikao kesho.” Alikuwa mtu mwaminifu na ilimuuma, niliona. “Bi. Koku, mimi sikuambii ufanye nini. Funguo unazo wewe. Nataka tu tuseme mambo kama yalivyo. Gesi leo ni safi?”

“Ni safi.”

“Kuna mtu yeyote anaumizwa leo na gesi yetu?”

“Hakuna.”

“Mzee amekiri mwenyewe. Hakuna aliyemsingizia. Ukiitoa chupa hiyo, kesho jioni nyumba elfu moja na mia tisa zinapika kwa kuni, katikati ya mvua, kwa kosa ambalo tumeshalirekebisha. Ya mama yako ni mojawapo. Mimi nitamwombea kwa Baraza wampunguzie. Miaka mitano badala ya kumi.”

“Amefikisha sitini na sita.”

“Najua.”

“Injinia, kila asubuhi uliniuliza kama imebaki. Kwa nini hukuuliza hadi ya ngapi?”

Aliutazama ule ukuta wenye kitufe. “Kwa sababu ungenijibu,” alisema, akatoka.

Nilibaki nikihesabu, kama ilivyo tabia yangu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Niliirudia mara kadhaa nikitafuta alipokosea, sikupaona. Elfu moja na mia tisa kwa mmoja. Nilikuwa nimetumia hesabu hiyohiyo tangu mwezi wa tano. Kilichonisumbua ni kwamba kila nilipoifanya, yule mmoja alikuwa mtu mwingine kabisa na kamwe hakuwa mimi.

*

Baraza lilikaa uwanja wa shule, chini ya jua kali, kwa sababu darasa lisingetosha. Mwenyekiti alikuwa Bi. Mwajabu, mwalimu mstaafu wa sayansi aliyenifundisha hata mimi, mwanamke mfupi asiyependa hotuba. Alimuuliza Ta Kaijage kama alifungua kiungo. Akasema ndiyo. Alimuuliza kama alijua sheria. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama ana la kuongeza.

“Nina swali,” Ta Kaijage alisema. Bandeji zilikuwa zimetolewa na mikono yake ilikuwa na rangi ya waridi, vidole havikunjiki. “Ndizi zangu ziliiva siku mbili. Nani aliziivisha?”

Watu wakacheka. Injinia Shekiondo akasimama akasema kwa upole kwamba daftari la kiwanda la siku hiyo linaonyesha gesi ilikuwa pevu, na gesi pevu haiivishi ndizi. Bi. Mwajabu akaandika.

Nilinyanyuka. Nilikuwa na mfuko begani, na ndani yake chupa mbili zilizozibwa kwa nta, moja ya Jumatano ile na nyingine ya asubuhi hiyo, na kichupa cha bromini.

“Mwenyekiti, naomba kupima.”

Bi. Mwajabu alisoma tarehe kwenye chupa, akagusa nta kwa ukucha kuona kama imeguswa. Kisha akatazama juu. “Kwenye jua hili? Hata gesi pevu itafuta rangi, Kokushubila. Nilikufundisha.”

“Naomba kivuli.”

Mama alikuwa mstari wa mbele. Alifungua kitenge chake cha juu, akashika ncha mbili, Asimwe akashika mbili, wakakikunja mara mbili na kukishusha juu ya meza hadi kukawa na giza dogo. Tuliingiza vichwa watatu: mwenyekiti, injinia na mimi. Kulikuwa na harufu ya sabuni ya mama. Nilitia bromini chupa zote mbili, nikatikisa mara tatu, nikaziweka juu ya karatasi nyeupe. Chupa mbili za chai.

“Moja,” nilianza kwa sauti, ili walioko nje wasikie. “Mbili. Tatu.”

Sijawahi kuona muda mrefu kama ule. Kumi. Kumi na tano. Chupa zote mbili zilikuwa kahawia, hazina tofauti.

“Ishirini.”

“Imebaki,” alisema Injinia Shekiondo. Alisema taratibu, karibu na sikio langu. “Bi. Koku. Imebaki.”

Ilikuwa kweli. Kwenye ishirini ilikuwa imebaki, kama ilivyobaki kila asubuhi. Ningeweza kuinua kitenge pale, watu wakaona chupa mbili zinazofanana, na mwenyekiti hata kama angeshuku asingekuwa na la kuandika kabla ya jua kuziharibu zote. Shekiondo alikuwa ananipa mlango. Nadhani alikuwa anajipa na yeye.

“Ishirini na moja,” nikasema.

Kwenye ishirini na sita chupa ya Jumatano ilianza kupauka. Kwenye thelathini ilikuwa kama maji yaliyosuuza kikombe. Kwenye thelathini na nne ilikuwa maji. Niliendelea kuhesabu, kwa sababu utaratibu ni sitini. Nilipofika sitini mama alinyanyua kitenge bila kuambiwa, na kila mtu akaona chupa moja ya chai na moja ya maji matupu.

Bi. Mwajabu alikaa. “Daftari la siku hii linasemaje?”

“Imebaki.”

“Aliandika nani?”

“Mimi. Niliangalia kwenye ishirini nikaandika.”

“Tangu lini?”

“Kuangalia mapema, tangu mwezi wa tano.”

Sauti ya mwanamke ilitoka katikati ya watu, na niliifahamu, ilikuwa ya mmoja wa wale wawili wa majivu. “Koku! Ulituambia tusafishe vichomeo!”

Nilimwambia ndiyo, niliwaambia.

*

Adhabu zote za siku zile zilifutika. Ta Kaijage alibaki na kibanja chake, na shimo lake, na watu wake waliozikwa nyuma ya nyumba. Kiwanda kikaamriwa kufungwa siku hiyohiyo hadi wakaguzi waje, na Bi. Mwajabu akasema kitufe nibonyeze mimi. Nadhani aliiona kuwa haki, na sikubishana naye. Vumbi lilikuwa limekikaza. Nilikibonyeza mara mbili ndipo kikakubali, na mkono wa kipimo cha bomba ukashuka taratibu hadi sifuri.

Kazi yangu iliisha siku hiyo. Ya Shekiondo iliisha wiki moja baadaye. Alikuja kuniaga, akanisalimia kwa kirefu kama kawaida yake, akaulizia mpaka shingo ya mama. Hakunilaumu wala hakunishukuru.

Wakaguzi hawajafika hadi leo. Mvua zimefika. Asubuhi wanawake wa Nyakatema wanapita mbele ya nyumba yetu wakienda Kyamunene, wanaporudi wana mizigo vichwani, na wengi hawanisalimii. Wana haki. Mama anapika kwa mafiga matatu na anakohoa. Nilimwambia nitakwenda kutafuta kuni badala yake, akanijibu kwamba sijui kuchagua kuni, nitaleta zinazotoa moshi. Kisha akanigeuzia kitako cha sufuria, cheusi tii.

“Hii angalau najua ni nini,” akasema, akaanza kusugua.

Kwa kuwa sina kazi, nilimchimbia Ta Kaijage shimo jipya. Vidole vyake haviwezi kushika jembe. Alikaa kwenye kigogo akinielekeza: panua hapa, pandisha pale, tundu la moshi liangalie upepo unakotoka. Nilipanga mikungu kumi na miwili kama alivyotaka, vichwa chini, nikafunika kwa majani makavu ya mgomba, nikashindilia udongo. Moshi niliutia kwa majani mabichi kidogo juu ya makavu. Bwana harusi ameomba ruhusa kazini kwake, na Asimwe ataagwa Jumamosi. Siku ni sita.

Leo ni ya nne. Asubuhi nilimkuta amechutama kando ya shimo, mikono yake ya waridi juu ya magoti, akivuta hewa kwa pua. Alinitazama kwa tamaa ya mtu mzima asiyeona aibu.

“Koku, tufunue kona kidogo tu? Tuangalie?”

Nilimwambia bado, siku hazijatimia.